Gesi ya makaa ya mawe ya kilindini: mwongozo kamili wa kuisoma ripoti ya kisima

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, mpwa wangu anayesomea jiolojia alinikuta barazani na simu mkononi. Alikuwa amepata ripoti ya tabaka la makaa ya mawe lililo mita 2,000 chini ya ardhi, nchi ya mbali huko. "Mjomba, hapa wameandika gesi ni tele. Tabaka kama hili likiwa kwetu, si tumeshatoka?" Wazee wawili waliokuwa wakicheza bao wakaacha kete zao hewani.

Hapa Lamu neno makaa halipiti hivihivi. Tulibishana miaka kwa miaka kuhusu mtambo wa umeme wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, mpaka mahakama ya mazingira ilipofuta leseni yake tarehe 26 Juni 2019. Wengi wakabaki na dhana kwamba Lamu ina makaa yake chini. Haina uhusiano: makaa ya mtambo ule yangeanza kwa kuletwa na meli. Lakini swali la mpwa wangu lilikuwa swali halali, nami nikamwambia alete kalamu.

Nilihudumia kori za makaa (miche ya mwamba inayokatwa kisimani) kwa misimu kadhaa Botswana, kwenye bonde la Karoo la Kalahari, kwa hiyo ninayoyaandika hapa mengine nimeyashika kwa mikono. Unachohitaji ni kikokotoo cha simu, kalamu na ripoti yenyewe. Tangulia na jambo moja: gesi, yaani methani, kuwamo na gesi kutoka ni mambo mawili, na kadiri tabaka linavyozama ndivyo mambo hayo yanavyoachana.

Hatua ya 1: Jua umesimama kwenye bonde gani

Bonde hapa ni eneo lililodidimia likajaa mchanga na matope yaliyogeuka mwamba. Usifungue jedwali lolote kabla ya kujua miamba inayozungumzwa ni ya umri gani na ilitandikwa wapi. Pwani yetu ina hadithi tatu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni miamba ya Karoo, ambayo kwetu inaitwa mawe ya mchanga ya Duruma: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Ilitandikwa wakati Afrika ingali imeshikana na Madagaska na Bara Hindi katika bara kuu la Gondwana. Miamba ya kundi hilihili ndiyo yenye makaa ya Ngaka na Mchuchuma nchini Tanzania, Moatize huko Msumbiji, na Hwange nchini Zimbabwe. Kwetu mikanda hii inaonekana juu ya ardhi bara ya Kwale na Kilifi na kupanda kaskazini nyuma ya Malindi. Ukielekea baharini inainama mashariki, inakatwa na mipasuko mikubwa, na inafunikwa na chokaa ya Kambe ya enzi ya Jurasiki na kila kilichofuata. Kwa hiyo chochote cha Karoo kilicho chini ya mji wa Malindi kiko chini sana.

Ya pili ni bonde la Lamu. Hili lilifunguka Madagaska ilipobanduka na kwenda zake, karibu miaka milioni 165 iliyopita, na tangu hapo mito imekuwa ikimimina mchanga na matope humo, Tana ikiwa ndiyo hodari wa kazi hiyo. Unene wa mashapo baharini unapita kilomita 10. Kisima cha Pate-1 cha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilikutana na gesi, na Mbawa-1, kilichochimbwa baharini mwaka 2012, nacho kilipata gesi. Lakini gesi hizo ziko kwenye vinyweleo vya mawe, zimenaswa chini ya kifuniko cha udongo mgumu. Hiyo si gesi ya makaa. Mtu akikutajia Pate kama ushahidi wa gesi ya makaa, mnywee kahawa yake na umwage hoja yake.

Ya tatu ni Mui, kaunti ya Kitui, ambako ndiko makaa ya Kenya yanakojulikana zaidi. Mui ni bonde lake peke yake, mbali na sisi.

Ukitaka kuona kwa macho maana ya tabaka juu ya tabaka, nenda Marafa, Malindi, kwenye korongo wanaloliita Nyari. Mchanga wa pale ni wa juzi tu kwa hesabu ya jiolojia na makaa hamna, lakini rangi zake nyekundu, nyeupe na waridi zinakufundisha haraka kuliko mchoro: kila mstari ni siku za mto mwingine.

Hatua ya 2: Uliza kinamasi kilikuwa cha namna gani

Makaa yote yalianza kama mboji iliyozama majini ikakosa hewa ya kuiozesha. Nasi tuna maabara yake mlangoni. Maji yakipwa, ingia mlango wa bahari wa Mkanda na mashua, chomeka upondo kwenye matope ya mikoko kisha uuchomoe. Viputo vitapanda, na pua yako itapigwa na harufu ya yai viza. Harufu hiyo si ya methani, maana methani haina harufu. Ni ya gesi ya salfa, kwa sababu maji ya bahari yana chumvi za salfa na vijidudu wanaozitumia huwapokonya chakula wale wanaotengeneza methani.

Somo la kijiolojia ni hili. Kinamasi kilichonyweshwa maji ya bahari huzaa makaa yenye salfa nyingi. Kinamasi cha maji baridi huzaa makaa yenye salfa kidogo. Makaa ya Karoo yalizaliwa kwenye vinamasi vya maji baridi baada ya barafu kubwa ya Gondwana kuyeyuka, kwa majani na magogo ya miti ya Glosopterisi, na mara nyingi mito ilikuwa ikiingiza udongo. Ndiyo maana makaa ya Karoo yana sifa ya kuwa na majivu mengi.

Kwenye ripoti tafuta vitu vitatu: unene wa tabaka, asilimia ya majivu, na kama tabaka limekatikakatika kwa mikanda ya udongo. Huwa inakadiriwa kwamba mita 10 za mboji hubanwa zikawa mita 1 ya makaa. Tabaka la mita 6 ni kinamasi kilichodumu mahali pamoja muda mrefu sana bila mto kukivamia. Majivu yakipita asilimia 50, wengi hatuliiti tena makaa. Ni udongo mweusi.

Hatua ya 3: Pima ukomavu

Mboji ikizikwa hupata joto, ikageuka ligniti, kisha makaa ya bitumini, mwisho anthrasaiti. Ukomavu huo hupimwa kwa kuangalia chembe ziitwazo vitriniti, mabaki ya magogo, chini ya darubini yenye tone la mafuta kwenye lenzi. Chembe hizo huakisi mwanga zaidi kadiri zilivyopikwa. Mwanga unaoakisiwa ukiwa chini ya asilimia 0.5 makaa ni machanga, na gesi yake ikiwapo ni ya vijidudu. Bonde la Powder River huko Marekani lilitoa gesi nyingi ya aina hiyo. Kuanzia karibu 0.6 joto lenyewe huanza kutengeneza gesi, na kati ya 0.8 na 2 ndipo kazi kubwa hufanyika. Juu ya hapo unaingia kwenye anthrasaiti, inayoshika gesi nyingi lakini mara nyingi kwa kuibana.

Angalizo dogo. Ukomavu unakueleza joto kubwa kuliko yote ambalo makaa yamewahi kulipata, hausemi lolote juu ya joto la leo. Na kule kwenye Karoo, miaka milioni 183 hivi iliyopita, mawe yaliyoyeyuka ya dolerati yalijipenyeza katikati ya matabaka na kuyaunguza jirani. Unaweza kuwa na kori mbili za tabaka moja, moja imeiva na nyingine imeungua, mita chache tu kati yao. Wastani wa namba hizo mbili hauna maana yoyote.

Hatua ya 4: Ikague namba ya mkebe

Hapa ndipo pa kukaa kitako, kwa sababu kila kinachofuata kinasimama juu ya namba hii: mita ngapi za ujazo za gesi zimo katika tani moja ya makaa.

Inapatikana hivi. Mtambo unakata kori, yaani mche wa mwamba, mviringo, wa milimita 63.5 kwa saizi tuliyoizoea. Kori inavutwa juu kwa kamba ya chuma ndani ya bomba. Ikitoka tu, unaifuta, unaipima urefu, unaiandika, na unaitia kwenye mkebe wa chuma au alumini wenye mfuniko wa kukaza na mpira. Haya yote kwa dakika chache, kwa sababu makaa yameanza kuvuja gesi tangu yalipokuwa njiani. Ukiinamisha sikio karibu na kori mbichi ya makaa mazuri utaisikia inachacha, sauti kama ya mafuta ya bajia yanayoanza kupata moto. Ikiwa na maji juu yake utaona vipovu vimejipanga mstari mmoja mmoja kwenye nyufa. Na tafadhali, hakuna sigara: methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka.

Mkebe unatiwa kwenye pipa la maji yenye joto sawa na la tabaka kule chini. Bomba jembamba linatoka kwenye mfuniko hadi kwenye kipimio cha kioo kilichojaa maji. Gesi inasukuma maji, nawe unasoma mstari. Saa ya kwanza unasoma kila dakika chache, kisha kila robo saa, kisha kila saa, halafu mara moja kwa siku kwa wiki au miezi. Kila usomaji unaandikiwa joto la chumba na kanieneo ya hewa, maana gesi hutanuka na kusinyaa.

Jumla ya gesi ni mafungu matatu. Kuna iliyopotea kabla ya mkebe kufungwa, kuna iliyopimwa mkebeni, na kuna iliyobaki ndani ya makaa mpaka uyasage. Mafungu mawili ya mwisho hupimwa. La kwanza hukadiriwa: unachora gesi iliyotoka dhidi ya kipeuo cha pili cha muda (namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa muda huo), saa za mwanzo hutoa mstari ulionyooka, kisha unaurudisha nyuma hadi wakati gesi ilipoanza kutoka. Kisima kikiwa kimejaa maji, wakati huo huhesabiwa pale kori ilipofika nusu ya safari ya kupanda.

Kwa hiyo saa ndiyo kila kitu. Msimu wangu wa pili, kwenye kampuni ambayo sitaitaja, saa ya ukutani kwenye kibanda cha mtambo ilikuwa nyuma ya simu zetu kwa dakika 22. Mchimbaji aliandika wakati wa kuanza kuvuta kwa saa yake, mimi nikaandika wakati wa kufunga mkebe kwa simu. Kori ilikuwa imetoka mita 430 tu, safari fupi. Kwa karatasi yetu ilionekana imekaa njiani zaidi ya maradufu ya muda wa kweli, na gesi iliyopotea ikavimba nayo. Mikebe 9 ilishaandikwa kabla ya kijana mmoja wa zamu ya usiku kuniuliza kwa nini adhana ya Isha kwenye simu yangu inalia mapema kuliko saa ya kibandani. Tulizirudia hesabu zote. Sasa nikipokea ripoti, kitu cha kwanza naomba karatasi ya nyakati.

Kwa tabaka la kilindini tatizo hili ni kubwa zaidi. Kutoka mita 2,000 kori husafiri muda mrefu, na fungu lililopotea linaweza kuwa kubwa kuliko lililopimwa. Suluhisho ni kori ya shinikizo, ambayo chombo chake hujifunga humohumo kisimani kabla ya kuvutwa. Ni ghali. Ripoti ya kina kirefu isiyo na hata kori moja ya namna hiyo, namba yake ya gesi ichukue kwa vidole viwili.

Kuna ujanja mwingine ambao nimeuona mara nyingi mno kuuita bahati mbaya. Maabara hutoa namba mbili. Tuseme makaa yalivyotoka shimoni yana gesi mita za ujazo 9 kwa tani, majivu ni asilimia 30 na unyevu asilimia 5. Ukiondoa majivu na unyevu kwa karatasi, makaa halisi ni asilimia 65, na 9 gawanya kwa 0.65 ni 13.8. Namba zote mbili ni za kweli. Udanganyifu unaanza pale mtu anapoichukua 13.8 na kuizidisha kwa tani zote, pamoja na majivu. Amejiongezea gesi zaidi ya nusu bila kuchimba.

Hatua ya 5: Linganisha kilichomo na kinachoweza kushikwa

Gesi ya makaa haikai kama hewa ndani ya chupa. Sehemu kubwa imenata kwenye kuta za vinyweleo vidogo ajabu vya makaa, ikiwa imeshikiliwa na shinikizo. Mfano wake ni nguo iliyofukizwa udi. Harufu haimo ndani ya nguo kama maji ndani ya mtungi, imeshika nyuzi. Itandike nguo sandukuni, funga, harufu itabaki. Ifungue, ivae, itaanza kuachia kidogo kidogo. Makaa nayo huachia gesi shinikizo likipungua.

Kiasi ambacho makaa yanaweza kushika hupimwa maabara na kuchorwa kwa kanuni ya Irving Langmuir ya mwaka 1918. Namba mbili tu zinahitajika: kiwango cha juu kabisa cha gesi, na shinikizo ambalo makaa hushika nusu ya kiwango hicho. Unachukua kiwango cha juu, unazidisha kwa shinikizo la tabaka, unagawanya kwa jumla ya mashinikizo yote mawili.

Chukua mfano wangu, wa kujifunzia: kiwango cha juu mita za ujazo 25 kwa tani, shinikizo la kushika nusu yake ni megapaskali 3 (megapaskali ni kipimo cha shinikizo). Maji ya kawaida huongeza karibu megapaskali 1 kila mita 100. Basi mita 500 kwenda chini, shinikizo ni 5, makaa yanaweza kushika 15.6. Mita 1,000, shinikizo 10, ni 19.2. Mita 2,000, shinikizo 20, ni 21.7. Umeona? Kutoka 1,000 hadi 2,000 umechimba kilomita nzima ya ziada na umepata mita za ujazo 2.5 tu kwa kila tani.

Sasa weka namba ya mkebe kando yake. Tuseme kwenye mita 1,000 mkebe umetoa 12, ilhali makaa yangeweza kushika 19.2. Yamejaa asilimia 62.5 tu. Geuza kanuni ujue shinikizo ambalo makaa haya yataanza kuachia: 3 mara 12, gawanya kwa 13, ni karibu megapaskali 2.8. Kisima kina shinikizo la 10. Kwa hiyo utapampu maji mpaka shinikizo lishuke kutoka 10 hadi 2.8 ndipo kiputo cha kwanza kitoke. Mwekezaji asiyeifanya hesabu hii atasubiri gesi huku akilipa dizeli.

Hatua ya 6: Ongeza kina kwenye hesabu

Mchoro wa Langmuir hupimwa kwenye joto moja, na ardhi huongeza joto nyuzi 25 hadi 30 hivi kila kilomita. Joto hulegeza mnato wa gesi, kama udi unavyoruka upesi kwenye nguo iliyoanikwa juani. Shinikizo linavuta huku, joto linavuta kule, na kuanzia mahali fulani, mara nyingi kati ya mita 1,000 na 2,000 kutegemea bonde, gesi iliyonata haiongezeki tena na hata huanza kupungua. Kwa hiyo mchoro uliopimwa nyuzi 30 hauna kazi kwa tabaka lenye nyuzi 75.

Lakini kule chini kuna jambo la pili, na ndilo lililowafanya Wachina wageukie kilindini. Matabaka ya chini sana, wao huhesabu kuanzia mita 1,500, huwa na gesi huru pia, isiyonata, iliyojaa kwenye vinyweleo na nyufa. Hebu tuikadirie. Tani moja ya makaa ni kama mita za ujazo 0.71. Vinyweleo vikiwa asilimia 4, na nusu yake ikiwa gesi, una mita za ujazo 0.014 za nafasi. Kwenye megapaskali 20 na nyuzi 75, gesi ikifika juu hutanuka karibu mara 170 hadi 180. Umepata karibu mita za ujazo 2.5 kwa tani. Si nyingi, ila haingoji maji yapampiwe. Hutoka siku za mwanzo.

Kwenye bonde la Ordos huko China, eneo la Daning-Jixian, kisima cha mlalo (kinachopinda na kulala ndani ya tabaka) kilichotobolewa kwenye tabaka la zaidi ya mita 2,000 kilitoa mita za ujazo zaidi ya 100,000 kwa siku mwaka 2021, na tangu hapo kazi imepanuka. Australia nao walijaribu makaa ya kilindini ya bonde la Cooper, na huko mambo hayakuwa mteremko kama huo.

Hatua ya 7: Tafuta njia ya kutokea

Makaa yana nyufa zake za asili, jamii mbili zinazokatana kama nyuzi za mkeka: refu zinazoendelea, na fupi zinazoishia kwenye zile refu. Gesi ikiachia ukuta hutambaa hadi kwenye ufa, kisha hufuata ufa hadi kisimani. Uzito wa ardhi hubana nyufa hizo, na makaa ni laini, hubanika kuliko mchanga.

Kipimo ni upenyevu, yaani wepesi wa gesi na maji kupita kwenye mwamba, na huhesabiwa kwa milidarsi. Matabaka mazuri ya kina kifupi huwa na milidarsi kadhaa, mengine makumi. Sehemu bora ya bonde la San Juan huko Marekani ilivuka 10. Kilindini ni kawaida kukuta chini ya 0.1. Kipime kisimani kwenyewe, kwa kusukuma maji kwenye tabaka, kufunga, na kuangalia shinikizo linavyoshuka. Kipimo cha kipande cha kori maabara kinadanganya, maana kori ikitoka chini nyufa zake zinafunguka kwa kukosa mzigo.

Ripoti ya mpwa wangu ilikuwa na kurasa 40. Tuliitafuta milidarsi pamoja hadi wale wazee wakamaliza mchezo wao. Haikutajwa mara moja.

Hatua ya 8: Zidisha, kisha linganisha na kitu unachokijua

Eneo, mara unene, mara uzito wa mita moja ya ujazo, mara gesi kwa tani. Kilomita moja ya mraba ni mita za mraba 1,000,000. Unene mita 6. Mita moja ya ujazo ya makaa ni kama tani 1.4. Una tani milioni 8.4. Zidisha kwa gesi mita za ujazo 15 kwa tani, unapata mita za ujazo milioni 126.

Namba hiyo hutisha ikiandikwa kwenye gazeti. Tuiweke kwenye mizani ya kwetu. Mita moja ya ujazo ya methani ina nishati ya karibu kilowati-saa 10, na mtambo mzuri wa gesi hugeuza nusu yake kuwa umeme. Mtambo wa ukubwa wa ule wa Kwasasi, megawati 1,050, ungekula mita za ujazo 210,000 kwa saa, zaidi ya milioni 5 kwa siku. Gesi yote ya kilomita ile ya mraba ingekwisha kwa siku 25, hata kama ungeweza kuitoa yote, na huwezi. Ukipata asilimia 40 ni siku 10. Au ihesabu kwa visima: ungehitaji visima 50 kama kile cha Daning-Jixian, vyote vikiwa kwenye siku zake za mwanzo za ujana.

Kwa hiyo ukiona neno "rasilimali" kwenye ripoti, elewa ni gesi inayokadiriwa kuwamo. Neno "akiba" ndilo la gesi inayoweza kutolewa kwa faida, na halipaswi kuandikwa kabla ya kisima cha majaribio kutoa gesi kwa miezi.

Hatua ya 9: Fuata maji

Tabaka la kina kifupi hutoa maji mengi mwanzoni. La kilindini hutoa kidogo, ila ya chumvi kali, na kwa kuwa nyufa zake zimebanwa lazima zipasuliwe kwa maji na mchanga kwa shinikizo kubwa. Kisima kimoja cha mlalo cha kilindini kinaweza kumeza maji makumi ya maelfu ya mita za ujazo kabla ya kutoa gesi, na sehemu ya maji hayo hurudi juu yakiwa machafu.

Kwa sisi wa kisiwani hili ndilo la kuulizia mapema, kwa sababu maji matamu ya mji wa Lamu yanatoka kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, tandiko jembamba lililoelea juu ya maji ya bahari. Likipampiwa kupita kiasi, chumvi hupanda na haishuki upesi. Tathmini yoyote ya mazingira itakayoletwa mezani, iwe ya hapa, Tana au Malindi, fungua ukurasa wa maji kabla ya ukurasa wa gesi. Tafuta maji ya kupasulia yanatoka kisima gani, yakirudi yanalala wapi, nani anapima chumvi ya visima vya jirani, na kama vipimo hivyo vilianza kabla ya keekee kugusa ardhi. Vipimo vya kabla ndivyo vinavyokosekana zaidi. Chukua chupa safi, jaza maji ya kisima chako leo, peleka maabara, na ile karatasi ya majibu iandike tarehe uihifadhi pamoja na hati ya kiwanja.